Mumwache Papa ajibu mwenyewe

Katika uwanja wa shule moja ya Butembo, wahami wa vita walipanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi ili waandikwe. Meza ilikuwa moja, daftari moja, na kijana mwenye gile aliyeuliza maulizo yale yale kwa kila mtu: jina, mwaka wa kuzaliwa, mmetoka wapi, muko wangapi nyumbani. Zamu ilipofika ya papa mmoja, fundi wa kushona kutoka Kanyabayonga, binti yake alitaja jina lake haraka. Kijana akasema: "Mkubwa wa familia ajibu mwenyewe." Papa akafungua mdomo, jasho likamtoka, na neno lililopatikana ni "wasingya". Kwa Kinande, hiyo ni asante. Akaulizwa mara ya pili, akasema tena wasingya, lakini sasa kwa hasira, akipiga meza kwa mkono wa kushoto. Watu wa nyuma wakacheka. Mmoja akasema mzee amekunywa kasiksi mapema. Kijana akafunga ukurasa na kusema warudi siku nyingine na mtu mwenye akili timamu. Familia ya watu saba ikarudi bila jetoni.

Papa huyo alikuwa mkavu kabisa, na akili zake zote alikuwa nazo. Alijua jina lake, jina la kijiji chake na bei ya mashini ya kushona aliyoiacha nyuma. Alikuwa amepata AVC miezi mitatu mbele ya siku hiyo. Na jambo lililomfikia kwenye ile meza linawafikia wengi, hata nyumbani mwao, hata kati ya watu wanaowapenda: wanasemewa, wanafanyiwa, wanakatwa neno, mpaka wanaacha kujaribu. Hilo ni kosa, na linaweza kurekebishwa bila kungoja mashini kutoka Ulaya.

Familia ile ilitoka Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, wakati mji ule ulipoanguka mikononi mwa M23. Walitembea, kisha wakapata nafasi juu ya lori, wakapita Lubero na kufika Butembo, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ambayo kila mtu anaijua kwa mashimo yake. Dawa za presha za papa zilibaki juu ya kabati. Kule walikopokelewa, hakuna aliyefikiri kununua zingine, kwa sababu papa hakuumwa na kichwa wala kitu kingine. Presha, ile ambayo wengi wanaita tansio, haina makelele. Asubuhi moja alinyosha mkono achukue kikombe, mkono wa kuume ukakataa, mdomo ukapinda, maneno yakakwisha.

Jirani mmoja akasema ni karuho, amewekewa sumu. Mwingine akasema ni watu wa kwao waliomtuma roho mbaya. Papa akapelekwa katika chumba cha maombi, akalala huko siku tatu. Hapa ni lazima kusema wazi: hakuna anayekataza kuomba. Lakini mchungaji anaweza kuomba akiwa amekaa pembeni ya kitanda cha hospitali, na Mungu atamsikia vilevile. Zile siku tatu hazirudi.

AVC ni ajali ya mishipa ya damu katika ubongo. Mara nyingi mshipa unazibwa na damu iliyoganda. Mara nyingine mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani. Kwa macho, hali hizo mbili zinafanana, ndiyo maana ni vibaya kumpa mtu aspirini nyumbani kwa kukisia: kama mshipa umepasuka, dawa hiyo inaweza kuongeza damu kumwagika. Dalili za kukumbuka ni tatu. Uso umepinda upande mmoja. Mkono mmoja unaanguka wakati mtu anaombwa ainue yote miwili. Maneno yanatoka vibaya au hayatoki. Moja tu ikitokea kwa ghafla, ni pikipiki na hospitali, hata kama mtu hana maumivu. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayotolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza na baada ya picha ya skana, na wahami wengi hawataifikia kamwe. Hata hivyo kufika mapema kunasaidia: presha na sukari vinapimwa, na mtu anaangaliwa kama anaweza kumeza. Hili la kumeza linasahauliwa sana. Mgonjwa anapewa uji akiwa amelala, uji unaenda kwenye mapafu, na baada ya juma moja watu wanazika wakisema AVC imemuua.

Butembo na Katwa ziliishi Ebola kati ya 2018 na 2020. Kwa uchungu na kwa mabishano mengi, wakaaji walijifunza kutambua dalili na kupiga simu mapema. Mji uliojifunza hayo hauwezi kushindwa na dalili tatu za AVC.

Basi papa alifika hospitalini siku ya nne, akatolewa baada ya wiki mbili akiwa hai, anatembea kwa kuburuta mguu. Karatasi ya kutoka iliandikwa dawa za presha na, chini kabisa, neno moja: kine. Hakuna aliyeeleza maana yake. Familia ilidhani ni jina la dawa, binti akazunguka na karatasi ile katika famasi mbili.

Kine ni yule fundi wa viungo anayemfundisha mgonjwa kusimama, kutembea, kushika. Kuna pia mtaalamu wa kurudisha usemi, ambaye kwa Kifaransa anaitwa ortofonisti, lakini hao ni wachache sana katika nchi yetu, na muhami wa Kanyabayonga hatakutana naye hivi karibuni. Kwa hiyo kazi kubwa ya usemi inaangukia familia. Na familia, kwa upendo wake wote, mara nyingi inafanya kinyume.

Tuanze na maneno. Karibu mtu mmoja kati ya watatu wanaopata AVC anapata shida ya lugha. Wengi wao wanapooza pia mkono wa kuume, kwa sababu upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kuume, na kwa watu wengi lugha nayo imekaa upande huo huo. Jambo hilo linajulikana tangu zamani. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mtu aliyekaa hospitalini miaka 21 na ambaye kwa kila ulizo alijibu "tan, tan". Wote walimwita Tan. Mkono wake wa kuume ulikuwa umekufa. Lakini alipoulizwa ulizo la hesabu, alionyesha jibu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Na watu waliposhindwa kumwelewa, alikasirika na kutukana vizuri kabisa. Alipokufa, Broca alikuta kidonda upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Mtu yule alikuwa anaelewa mambo mengi. Mlango wa kutokea maneno ndio ulikuwa umefungwa.

Wasingya ya papa wa Kanyabayonga ni ndugu ya ile tan. Neno la salamu, la shukrani, la tusi au la sala linaweza kubaki wakati maneno mengine yamepotea, kwa sababu mtu amelisema maelfu ya mara bila kulitafuta. Anayesikia wasingya mahali pa jina asicheke. Asikilize sauti: ile ya kukubali, ile ya kukataa, ile ya kuomba maji. Mke wa papa, anayeuza nyanya sokoni, alizitofautisha kabla ya mtu yeyote.

Si wote wanaofanana, na hili ni la kuangaliwa. Kuna wagonjwa wanaoelewa lakini hawasemi. Kuna wengine wanaosema mengi, haraka, maneno yasiyokuwa na kichwa wala miguu, na wao wenyewe hawaelewi wanachoambiwa. Hao ndio wanaoitwa vichaa upesi zaidi. Kuna wengine ambao lugha ipo nzima ila ulimi ni mzito. Muuguzi mwenye subira anaweza kutofautisha kwa dakika kumi: aombwe kufumba macho, kuonyesha mlango, kurudia neno, kutaja kalamu.

Halafu kuna lugha zenyewe. Mtu wa Lubero anazaliwa katika Kinande, anafanya biashara kwa Kiswahili, amesoma kidogo Kifaransa, na askari wamemfundisha Lingala kwa lazima. AVC haigusi lugha zote kwa kipimo kimoja. Kwa mmoja inarudi kwanza lugha ya mama, kwa mwingine ile aliyoitumia zaidi kabla ya ugonjwa. Mgonjwa anayenyamaza mbele ya ulizo la Kiswahili anaweza kujibu la Kinande. Kumpima kwa lugha moja na kuandika "haelewi" ni uvivu.

Nyumbani, vitu vinavyosaidia ni vya kawaida. Redio ifungwe wakati wa kuzungumza, ndiyo, hata redio. Mtu mmoja aseme, na akae mbele ya uso wake. Ulizo liwe fupi, lenye kuchagua: chai ao uji? Vitu vyote viwili vionyeshwe. Kisha kungoja. Kungoja ndiko kunakoshinda watu. Hesabu mpaka kumi moyoni bila kumsaidia. Utaona ni murefu namna gani. Akipata nusu ya neno, apewe herufi ya kwanza, si neno zima. Asisemeshwe kama mtoto, wala watu wasiseme juu yake mbele yake kana kwamba ni meza. Na daftari liwepo, lenye picha zilizochorwa na watoto: maji, choo, maumivu, ndiyo, hapana, majina na sura za watu wa nyumba.

Jumapili moja kanisani, papa aliyeshindwa kutaja jina lake aliimba ubeti mzima wa wimbo wa Kinande, pamoja na maneno. Waumini walilia, wakasema muujiza. Jambo hilo linajulikana: wimbo unaweza kupita kwa njia nyingine ya ubongo. Mwaka 1973, wataalamu wa Boston huko Marekani walitangaza mazoezi yaliyojengwa juu yake. Mgonjwa anafundishwa kuvuta kwa sauti ya wimbo maneno ya haja ya kila siku, kama "nataka maji", huku mkono wake wa kushoto ukigongwa kidogo kwa kila silabi, halafu wimbo unapunguzwa pole pole mpaka yabaki maneno. Kuimba nyimbo za kanisa peke yake hakurudishi mazungumzo. Jumatatu papa hakuweza kuomba chumvi, na familia ilivunjika moyo. Lakini mlango ulikuwa umeonekana, na ilibidi kuutumia kila siku kwa maneno ya nyumbani.

Mkono nao una makosa yake. La kwanza ni kuuvuta. Bega la mkono uliopooza limelegea. Anayemwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono ule, ao anayemvalisha shati kwa nguvu, anaweza kulitoa bega mahali pake, na maumivu yake yatazuia mazoezi kwa miezi. Mgonjwa ashikwe kiunoni na kwenye mgongo. Shati lianzie mkono mgonjwa, livuliwe likianzia mkono mzima. Akikaa, mkono uwekwe juu ya mto ao juu ya kitenge kilichokunjwa, usining'inie. Kosa la pili ni la wenye haraka: kumsimamisha kwa nguvu siku ile ile ya kwanza. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mazoezi mengi sana ndani ya saa 24 za kwanza yanaweza kudhuru kuliko kusaidia. Daktari ao kine ndiye aseme lini.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi, na linafanywa kwa upole. Mke anamlisha. Binti anamfunga vifungo. Mjukuu anamshikia kikombe. Mkono wa kushoto unafanya yote yaliyobaki, na ule wa kuume unasahaulika hata kama bado una nguvu kidogo ndani yake. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Taub, alitumia miaka mingi kueleza hali hiyo: mtu anajifunza kutotumia mkono. Utafiti uliotolewa mwaka 2006, uliofuata watu 222 waliokuwa na miezi mitatu mpaka tisa tangu AVC, ulifunga mkono wao mzima ndani ya glavu kwa sehemu kubwa ya mchana, wiki mbili, wakifanyishwa kazi za kweli kwa ule mgonjwa. Walipona zaidi kuliko wale walioachwa na matunzo ya kawaida, na faida ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Sharti lilikuwa moja: kiganja na vidole viweze kujiinua kidogo. Mkono usiosogea hata kidogo unahitaji njia nyingine, na hakuna haja ya kumtesa mtu kwa kumfunga mkono wake mzima bila ushauri.

Lakini fikra ile inaingia katika kila nyumba. Maharagi yachambuliwe mezani na vidole vya kuume, hata kama ni kumi tu kwa nusu saa. Bidoni tupu isukumwe. Vifuniko vya chupa vipangwe. Kwa fundi wa kushona, binti alipata wazo zuri kuliko la mtu yeyote: aliomba kwa fundi wa jirani vipande vya vitenge, akampa baba yake avinyooshe juu ya meza na kuvipanga kwa rangi. Papa, ambaye alikataa kubana mpira wa soksi kwa sababu ni mchezo wa watoto, alifanya kazi hiyo mpaka jioni. Mara nyingi, marudio mengi, kazi yenye maana kwake: ubongo unatafuta njia nyingine kwa namna hiyo.

Je, basi kine hana haja, familia inatosha? Wakubwa wa misaada wangependa jibu liwe ndiyo, maana ni rahisi kwa mfuko. Huko India, watafiti walifundisha familia kufanya mazoezi nyumbani, wakafuata wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Matokeo yalitoka 2017: familia iliyofundishwa kwa muda mfupi haikubadilisha hali ya mgonjwa kuliko matunzo ya kawaida. Somo hilo linauma lakini lisifichwe. Mama anayeamka kuuza nyanya na kurudi usiku hawezi kuwa kine. Anahitaji mtu anayejua kazi, anayepita, anayesahihisha, anayesema sasa ongeza hiki, acha kile. Upande wa usemi, mwaka huo huo, huko Ujerumani, watu zaidi ya 150 waliokuwa na miezi sita na zaidi tangu AVC walipewa mazoezi na wataalamu, saa kumi na zaidi kwa wiki, kwa wiki tatu, na usemi wao wa kila siku ukapanda. Hivyo anayesema "imepita miezi sita, basi imekwisha" anasema uongo, na anayesema "familia itajipanga" naye pia.

Mwezi wa tano 2023, nchi wanachama wa OMS, na Kongo ni mojawapo, zilikubaliana kwamba kurudisha viungo na usemi kuingizwe katika huduma za kawaida za afya. Mpaka sasa, kwa muhami, kine ni pikipiki ya kwenda, pikipiki ya kurudi, na malipo ya kikao, mara tatu kwa wiki. Mke wa papa alipiga hesabu na kukuta ni nyanya zote za juma. Walienda mara nne, wakaacha. Kama kine mmoja angepita mara moja kwa wiki katika kituo cha afya kilicho karibu na wahami, angeona wagonjwa kumi na familia zao kwa asubuhi moja. Mashirika yanayoleta bashi na sabuni yanaweza kulipa hiyo pikipiki moja.

Na kuhusu zile meza za kuandika watu, hakuna bajeti inayohitajika. Anayeandika afundishwe nusu saa juu ya mtu asiyesema. Aulize kwa ndiyo na hapana. Akubali kadi ya uchaguzi, karatasi ya hospitali, ao ushuhuda wa chefu wa avenyu. Akubali alama ya kidole cha kushoto, kwa sababu cha kuume kimekunjika ndani ya kiganja. Na mgonjwa asitolewe mahali pa kwanza pa familia yake kwa sababu ya ulimi, wala ndugu fulani mwenye maneno mengi asiandikwe mahali pake. Hilo limeshaleta jetoni kupotea katika mifuko isiyo yake.

Dawa za presha za papa zinanunuliwa sasa kwa vidonge vya juma moja moja, kabla ya nyanya kuhesabiwa, maana aliyepata AVC moja yuko karibu na ya pili. Usemi wake una maneno kama thelathini, mengi ya Kinande. Kila jioni anakaa na binti yake mbele ya daftari, anaandika jina lake kwa mkono wa kushoto, na kazi ya mkono wa kuume ni kushikilia karatasi isitembee. Wameambiwa kwamba kuandikwa kutaanza tena pale pale shuleni. Binti ameahidi kwamba safari hii atasimama nyuma na kufunga mdomo.